Mwenyewe Amefika

Mimi ni mtu wa usafi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Karatasi iliyokwisha kazi naipasua. Sufuria iliyotoboka siiweki pembeni eti itapata matumizi siku moja, naitupa. Ofisini kwetu, katika jengo la serikali hapa Kisangani ninapopiga chapa barua tangu nikiwa msichana, wenzangu hunitania kwamba nikiachwa peke yangu na kabati la nyaraka nitafagia hadi historia ya mkoa. Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi natabasamu tu na kuendelea na barua zangu.

Jukwaa letu la mtandaoni tulilianzisha watu wawili, mimi na mwalimu mmoja wa kompyuta ambaye baadaye alihamia Bunia na kuniachia kila kitu. Tulilianzisha kwa sababu ya mto. Ukitoka hapa kuteremka Yangambi na Isangi unapanda balenyeri, lile boti refu la mbao lenye mota, na mara nyingi hakuna anayeandika jina lako mahali popote. Boti likichelewa siku mbili, watu husimama libongo, pale gatini, wakiulizana nani alikuwemo, na kila mmoja anakumbuka lake. Simu nazo zinashika mtandao hapa mjini, zinashika Yangambi, zinashika Isangi. Katikati ni msitu na maji.

Basi tuliweka utaratibu mmoja rahisi. Kabla ya kupanda, unaandika mstari mmoja. Wengi waliandika "Niko ku mayi", maana maji kwetu ni mayi, kisha jina la boti na mahali watakaposhuka. Ukifika, unaufuta mstari wako. Huandiki kwamba umefika, huandiki asante Mungu, unafuta tu. Hivyo yeyote anayefungua ukurasa, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka, anaona wale tu ambao miguu yao bado haijakanyaga udongo. Kando ya kila mstari mwalimu aliweka hesabu ya muda inayojiendesha yenyewe: dakika kumi, saa tano, siku moja. Na mahali pa mstari uliofutwa palibaki maneno madogo ya kijivu kwa muda wa siku nzima, ili watu wa nyumbani wasishtuke. Maneno hayo niliyatunga mimi. Niliandika: Mwenyewe amefika.

Habari ya kufuta ilituletea kelele tangu mwanzo. Chini ya mistari ya safari palikuwa na sehemu ya mazungumzo, na humo mwenye boti mmoja aliandika kwamba chombo chake kina jaketi za kuokolea za abiria wote. Watu walipopanda walikuta nne, na moja alikuwa ameilalia kuku. Waliporudi kumlalamikia, jamaa alikuwa amekwisha kufuta maneno yake, na malalamiko yao yakabaki yakining'inia peke yao, ungedhani ni watu waliopandwa na wazimu wanagombana na ukuta. Wengine wakasema basi mtu asiruhusiwe kufuta kitu chochote milele. Wengine wakasema maneno ya mtu ni mali yake, akitaka kuyarudisha mdomoni ayarudishe. Walibishana wiki mbili. Mimi niliamua vile ninavyoamua kila kitu, haraka: kila mtu afute chake, asiguse cha mwenzake. Isipokuwa mimi msimamizi, kwa ajili ya usafi.

Usafi huo ulikuwa kitu kidogo. Mtu anafika Isangi, anakutana na shemeji zake, anakaa mezani, anasahau kufuta. Mke wake ananipigia kwamba bwana alishafika, anakula samaki sasa hivi. Namfutia. Ukurasa unaandika kwamba mwenyewe amefika, na kweli amefika. Kwa miaka mitatu maneno yale hayakuwahi kusema uongo, nami sikuwahi kuyafikiria tena.

Dada yangu mkubwa, ambaye nimemwita yaya tangu nilipojua kusema, anakaa ng'ambo, Lubunga. Mume wake alikuwa fundi wa cherehani. Kila mwezi aliteremka Isangi na sanduku lake la mbao, lenye sindano, kamba za ngozi na kopo la mafuta, akatengeneza mashine za watu siku nne, akarudi. Mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuuliza kitambaa cha nguo yako kabla ya kuuliza habari zako. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuandika katika jukwaa letu, kwa heshima yangu tu, maana simu aliishika kwa vidole viwili kana kwamba ingemuunguza.

Siku aliyoondoka aliandika kama kawaida: "Niko ku mayi. Natoka saa tatu ya asubui. Nashukia Isangi."

Boti lilifika Isangi kesho yake. Sanduku lake lilikuwemo, limefungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli. Yeye hakuwemo. Fundi wa mota alisema alimwona Yangambi akinunua ndizi. Mama mmoja alisema alimwona baada ya Yangambi, amekaa juu ya magunia, uso ameuelekeza kwenye maji, na alipogeuka kumpa mtoto uji kisha akatazama tena, magunia yalikuwa na shimo dogo pale alipokuwa amekalia. Mwingine aliapa kwamba alishuka mahali boti liliposimama kuchukua makaa. Walimtafuta vijiji vyote vya pande mbili. Hakuna mwili, hakuna kiatu. Boti halikuzama, halikugonga kitu, halikuyumba. Lilifika salama na pungufu ya mtu mmoja.

Mstari wake ukabaki.

Mwanzoni ulikuwa mmoja kati ya wengi. Siku ya soko kubwa, ukurasa huwa na mistari ishirini na zaidi, na wa kwake ulikuwa chini kabisa, wa zamani kuliko yote. Lakini wengine wanafika na kufuta. Ikifika Jumapili mchana, boti zikiwa zimefungwa na watu wako kanisani au wamelala, nilikuwa nafungua ukurasa na kuukuta mweupe mtupu, na mstari mmoja. Niko ku mayi. Nashukia Isangi. Na pembeni ile hesabu inayojiendesha: siku sitini. Siku mia na tisa. Siku mia tatu. Hakuna aliyekuwa anaihesabu, na bado ilikuwa inahesabu. Siku moja niliufungua ukurasa sekunde ile ile namba ilipobadilika mbele ya macho yangu, nikaiweka simu juu ya meza, uso chini.

Watu wakaanza kuuogopa. Hawakusema hadharani. Walinijia mmoja mmoja. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki mkavu, anayeteremka Isangi mara mbili kwa mwezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru soko zima, alikuja hadi ofisini kwetu, akafunga mlango na kuongea kwa kunong'ona.

"Mama, ule mustari munauacha pale juu ya nini? Wakati naandika yangu, yake inakuwa chini yangu kabisa. Nasikia sawa vile mutu iko ananishika kikwembe kwa nyuma."

Nilimwambia hizo ni ndoto. Alijifunga upya kikwembe chake, kile kitenge cha kiunoni, akatoka.

Kisha wakaanza kumwandikia. Sijui nani alianza. Chini ya mstari wake kulikuwa na nafasi ya majibu, na mtu akaweka: "Papa, leo tunapita kwako, tunakusalimia." Kesho yake mwingine: "Papa, utufungulie njia." Baada ya miezi kadhaa hakuna aliyepanda boti bila kumuaga kwanza fundi wa cherehani. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba walipopita pale pa makaa, mahali pasipo na mtandao hata kidogo, simu tatu zililia kwa pamoja na kunyamaza. Watu wa sala wakakasirika, Wakristo na Waislamu kwa sauti moja, wakasema jukwaa la wasafiri limegeuka mahali pa kuomba wafu, na kwamba mimi msimamizi nitajibu mbele ya Mungu. Hoja ya zamani ikarudi na meno mapya. Kama mwenye mstari hawezi kuufuta, ni nani mwenye haki hiyo? Ndugu? Msimamizi? Au mstari wa namna hiyo ni wa kila mtu sasa, kwa kuwa kila mtu anauogopa?

Yaya alikuwa na jibu lake, wala hakulitoa kwa kubembeleza.

"Kama iko muzima, atafuta. Kama hajafuta, hajafika. Mutu mwingine asiguse."

Kila siku saa sita mchana, simu yake ikiwa imechajiwa katika duka la jirani, alifungua ukurasa, akauona mstari, akaufunga. Akarudi kwenye kazi zake. Hakuvaa nguo za msiba. Wakwe zake walikuja mara tatu kutaka matanga yafanywe, ili roho ya kaka yao itulie na wao watulie, na mara zote tatu aliwapikia wakala vizuri na kuwaambia kwamba haandai matanga ya mtu aliye safarini. Walipoondoka walinilaumu mimi. Shemeji yake mkubwa alinisimamisha barabarani akaniambia kwamba ile mashine yangu ndiyo inayomshika ndugu yao majini, na dada yangu pamoja naye.

Neno hilo liliniingia. Nilimtazama yaya akikonda. Nilimwona akiosha shati lile lile la mume wake kila Jumamosi, shati ambalo hakuna aliyelivaa, akilianika na kulikunja. Nilimhurumia, na nitasema ukweli, nilimchoka pia. Nilichoka na kopo la mafuta lililovuja ndani ya lile sanduku na kunukisha chumba chote. Nilichoka na ukurasa wangu, ambao nilitaka uwe safi. Yote mawili yalikuwamo moyoni mwangu, na sijui lipi lilinisukuma.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya mia nne na kumi na moja. Mkuu wetu hajafika, ofisi inanukia sabuni ya sakafu. Nilifungua ukurasa. Nilijipangia hivi: nitaufuta sasa, mchana nitavuka Lubunga kabla yaya hajaufungua, nitamshika mikono, nitamwambia, tutalia, na wiki hiyo hiyo matanga yatafanyika. Niliona jinsi kila kitu kitakavyokaa mahali pake. Nilibonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mashine ikauliza kama nina hakika, kama inavyouliza siku zote. Nikajibu ndiyo.

Kisha nikavaa miwani na kupiga chapa barua. Mkuu aliingia na barua nyingine tatu, zote za haraka, zote lazima zitoke kabla ya saa saba. Nilitazama saa mara nyingi. Sikuthubutu kusema nina dharura ya kifamilia, maana angeuliza ni dharura gani, na ningemwambiaje?

Saa sita na dakika chache simu yangu ililia. Nilipoipokea sikusikia neno, nilisikia vigelegele. Wanawake wengi, kwa mbali na kwa karibu. Halafu sauti ya yaya, sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima, ikiniita leki, mdogo wake.

"Leki! Alishafika! Wameandika, nimesoma miye mwenyewe, na mutu ya duka amesoma! Mwenyewe amefika!"

Hapo ndipo nilipokumbuka yale maneno ya kijivu. Mimi niliyeyatunga. Mimi niliyewafundisha watu wa mto huu mzima, kwa miaka mitatu, kwamba mstari ukiondoka mtu amefika. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja ambacho kila muuza samaki alikijua.

Nilisema, "Nakuja." Sikuzima hata mashine.

Kuvuka Lubunga kwa mtumbwi ni muda mfupi, hakuna anayeandika mstari kwa safari hiyo. Siku ile maji yalikuwa yametulia vibaya, ya rangi ya chai, bila kukunjamana, na mpiga kasia hakuimba wala kuzungumza. Nilikuwa abiria peke yangu. Katikati ya mto nilihisi wazi kwamba mtumbwi una uzito wa watu zaidi ya wawili. Nilitaka kugeuka. Sikugeuka. Nilishika kingo za mtumbwi na kutazama nyumba za ng'ambo zikikaribia, na nilipokanyaga udongo nilijikuta natafuta simu mkononi, kwa mazoea, kana kwamba nina kitu cha kufuta.

Ua wa yaya ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana mchangani, safi, bila alama ya mguu katikati, kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama pembeni ili yeye aje akanyage wa kwanza. Karai la maji ya kuoga lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa. Shati lilikuwa limetundikwa mlangoni. Ndani niliona lituma limepondwa na kuviringwa, ndizi mbivu na mbichi pamoja kama alivyopenda mwenyewe, na samaki ndani ya majani, na sahani moja imegeuzwa juu ya nyingine kuzuia nzi. Kiti chake kilikuwa kimevutwa kidogo kutoka mezani. Jirani mmoja alipita karibu na kiti hicho kwa kukizunguka, kama unavyomzunguka mtu aliyekaa.

Na yaya. Alikuwa amevaa nguo ya sikukuu. Uso wake ulikuwa umerudi miaka kumi nyuma. Naweza kusema bila aibu kwamba kwa muda mfupi, labda hatua nne kutoka mlangoni hadi kwake, niliamua kutosema. Nilifikiri, mwache awe na siku hii. Kisha akasema, "Twende libongo, pengine iko anangojea pale na sanduku," akasahau kwamba sanduku liko chini ya kitanda chake, nami nikajua kwamba nisiposema sasa, atakwenda libongo leo, na kesho, na kesho kutwa.

Nilimvuta nyuma ya jiko, karibu na karai la maji.

"Yaya, si yeye," nilisema. "Ni miye nilifuta. Leo asubui. Nilitaka upumuzike."

Hakulia. Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiweka tayari na hata nilitamani. Vigelegele viliendelea upande wa pili wa nyumba, kisha vikapungua kimoja kimoja, ingawa hakuna aliyekuwa amewaambia lolote.

"Ulifuta na kidole gani?"

Nilimwonyesha. Alikishika kidole changu kwa mkono wake wote, akakitazama kwa makini, akakigeuza, kama unavyotazama kidole cha mtoto kilichochomwa na mwiba. Mkono wake ulikuwa baridi na una harufu ya majani ya samaki.

"Na ile maneno, mwenyewe amefika, nani aliandika?"

"Ni miye."

"Donc yeye hakusema ata neno moja."

"Ata moja, yaya."

Alifunua karai, akatazama maji ya kuoga muda mrefu. Nami nikatazama. Vichwa vyetu viwili vilionekana ndani, na kati yao mbingu nyeupe, na nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba nikihesabu tena nitapata vichwa vitatu. Kisha akafunika.

"Unaweza kumurudisha?"

Nilimwambia haiwezekani. Kilichofutwa kwetu hakirudi, ndivyo mwalimu alivyokijenga, kwa sababu hatukufikiria kwamba mtu aliyefika atataka kurudi majini.

"Bon," akasema. "Ulimutoa ku mayi, na huku haukumuleta. Mahali yake haitabakia bule. Utaingia weye."

Sikumwelewa. Alinipeleka mpaka ukingoni, yeye mbele na nguo yake ya sikukuu, mimi nyuma, majirani wakitufuata kwa mbali. Mpiga kasia alikuwa bado pale. Yaya alinizuia nisikanyage mtumbwi.

"Andika mbele ya kupanda. Andika vile yeye aliandika."

Niliandika. Vidole vilikosea mara mbili. Niko ku mayi. Nashukia Isangi. Jina langu likatokea juu ya maneno hayo, katika ukurasa mweupe ambao asubuhi ile nilikuwa nimeufurahia kwa usafi wake, na pembeni hesabu ikaanza: dakika moja. Yaya alichukua simu akasoma herufi kwa herufi, midomo ikisogea.

"Usifute. Utafuta siku yeye atakamata mukono yangu, ao siku mutanizika miye. Si mbele ya ile siku."

"Yaya, watu watafikiri..."

"Bafikiri."

Kabla mtumbwi haujafika katikati, simu ilikuwa imekwisha kupokea majibu sita. Safari njema, mama. Safari njema. Mungu akutangulie.

Watu wa jukwaa walikuja kujua, maana niliwaambia mwenyewe, kwa maandishi, na maneno hayo sijayafuta. Wengine walinitukana, wengine walinihurumia, watu wa sala walisema heri mstari wa mtu aliye hai kuliko wa yule. Nilijiondolea uwezo wa kufuta kitu cha mwingine yeyote, na sasa mtu akisahau mstari wake Isangi, abaki nao mpaka akumbuke. Katikati ya wiki ukurasa hujaa uchafu. Niliondoa pia yale maneno ya kijivu, nikaweka kwamba mstari umefutwa, basi. Wiki haikuisha, akina mama ambao watoto wao husafiri mara kwa mara wakanijia juu, wakasema wanataka maneno yao, kwamba mtoto akiwa majini wanakaa siku nzima wakiyasubiri. Nikayarudisha. Sikuwa na nguvu ya kubishana nao.

Ukiniuliza leo kama watu waruhusiwe kufuta walichoandika, nitakujibu kwa hasira kwamba unaniuliza swali dogo. Kitufe kiko. Kiko kando ya jina langu kila ninapofungua ukurasa, cha rangi nyekundu, na mstari ni wangu, na kwa kanuni yangu mwenyewe hakuna wa kunizuia. Hesabu imepita siku mia mbili. Jumapili mchana, ukurasa ukiwa mtupu, naona jina langu peke yake, na nimekaa sebuleni kwangu, miguu juu ya saruji kavu, na bado hujikuta nimeinyanyua miguu kutoka sakafuni.

Mama wa samaki mkavu nilikutana naye sokoni juzi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza, kuona kama ni nyama. Haandiki tena mstari wake bila kunisalimia kwanza chini ya wangu. Alininunulia kwanga mbili, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, bila kuniambia kwa nini, nikazipokea.

Wakwe wa yaya bado wanataka matanga. Shati bado linaoshwa Jumamosi. Lakini saa sita mchana hafungui tena ukurasa peke yake. Ananipigia simu. Ofisini wamekwisha kuzoea, mkuu mwenyewe hunyamaza ikilia, na wenzangu huinamia karatasi zao. Yaya hasalimii. Anauliza kitu kimoja tu:

"Uko wapi?"

Nami, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha miaka thelathini, barua iko nusu mbele yangu, najibu jibu pekee analolikubali.

"Niko ku mayi, yaya."

"Bon. Ukimuona, umwambie chakula iko."

Kisha anakata.